Sura ya Saba: Waosha Magari wa Winam

Tuzo ya Nobel ya kwanza kutolewa kwa kazi ya minyoo ilitolewa kwa jambo lisilo la kweli. Johannes Fibiger, daktari wa Copenhagen, alikuwa ametangaza kwamba amewatia panya saratani ya tumbo kwa kuwalisha mende waliobeba mnyoo mdogo. Akatunukiwa tuzo ya mwaka 1926, akafariki mwanzoni mwa 1928 akiwa bado anashangiliwa. Baadaye wengine waliporudia majaribio yale walikuta kwamba chakula cha panya wake kilikuwa na upungufu wa vitamini A, na vile vivimbe alivyoviona havikuwa saratani. Medali haikurudishwa, na sidhani kama kuna aliyethubutu kuidai.

Kamati hiyohiyo imepatia mara nyingine. Mwaka 1976 ilimtunuku Baruch Blumberg wa Marekani, ambaye kwa kupekua sampuli za damu kutoka pande mbalimbali za dunia aliangukia alama ya virusi vya homa ya ini aina ya B. Mwaka 2005 ikawatunuku Barry Marshall na Robin Warren wa mji wa Perth, Australia, walioonyesha kwamba vidonda vya tumbo vingi huletwa na bakteria. Marshall alikuwa amekunywa bakteria hao kwa makusudi, akaugua, ndipo wakubwa wa taaluma yake walipoanza kumsikiliza.

Kwa hiyo tumbo na ini vimepata wasomi wao, na wasomi wamepata sifa zao. Kuna kazi nyingine ya tumbo na ini ambayo, kwa maoni yangu, inastahili kutajwa katika pumzi moja na hizo. Haikufanyika Copenhagen wala Perth. Ilifanyika Kisumu, ufuoni, mahali ambapo watu huosha magari, na sehemu ya hesabu zake ilikuwa hesabu ya magari.

Mwosha magari wa Kisumu, yule wa ziwani, hana haja ya mfereji wala bili ya maji. Gari huingizwa ziwani taratibu mpaka maji yafunike sehemu ya magurudumu, dereva hushuka na kwenda zake kwenye vibanda kula ngege wa kukaanga na ugali, na kijana mwenye kaptura huingia majini na ndoo, sabuni ya unga, brashi na kitambaa. Anaanzia juu, paa na vioo, kisha milango, kisha anainama kwa muda mrefu kwenye magurudumu na chini ya bodi, ambako tope la barabara za Nyanza limekauka na kugandamana. Kwenye magurudumu ndiko kazi iliko, na huko maji yanamfika magotini, wakati mwingine mapajani. Gari dogo halimchukui muda. Matatu huchukua zaidi, na lori la mchanga linaweza kumla nusu ya asubuhi. Anatoka, anapokea hela yake, anaingia tena na gari jingine. Buti za mpira hazimfai sana, kwa sababu maji huingia kwa juu na kubaki humo.

Ufuo huu uko kwenye Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria unaoingia nchi kavu hadi Kisumu na kuunganika na ziwa kuu kupitia mlango wa Rusinga. Maji yake yana kina kidogo na ni mazito kwa tope, na hayabadilishwi upesi na yale ya ziwa kubwa. Pembezoni mna matete. Tangu miaka ya 1990 kumekuwa na magugu maji pia, ambayo mwaka 1998 yalitanda ghubani kiasi cha kufunga bandari na fuo, yakapungua baada ya fukusi walioletwa kuyala kuzaana na baada ya mawimbi kuyavunjavunja, kisha yakarudi, na yangali yanakuja na kuondoka. Katika matete hayo na chini ya magugu hayo huishi konokono wa jamii ya Biomphalaria, mwenye gamba bapa lililojiviringa kama kifungo cha shati. Konokono huyo hana ubaya wowote mpaka apate mgeni.

Mgeni wake ni mnyoo wa kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni. Jamii hii ya minyoo ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1851 na Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyekuwa akipasua maiti katika hospitali ya Qasr el-Aini mjini Cairo. Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya Robert Leiper, akiwa hukohuko Misri mwaka 1915, kuonyesha kwamba mnyoo hauwezi kutoka kwa mtu kumwingia mtu mwingine bila kupitia kwa konokono. Mtu akijisaidia ziwani au kando yake, mayai huanguliwa majini, kiluwiluwi kinachotoka humtafuta konokono na kumwingia, na baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kutoa vimelea vyenye mkia kwa maelfu kila siku. Hutoka jua likiwa limewaka, zaidi kuanzia saa za kuelekea adhuhuri. Hizo ndizo saa za kazi ufuoni. Vinapogusa ngozi ya mtu, huhitaji dakika chache tu kuipenya.

Ndani ya mwili vimelea husafiri kwa damu kupitia mapafu hadi kwenye mishipa ya ini, hukomaa, na hapo hutokea jambo ambalo wanazuoni wa minyoo hawachoki kulisimulia. Dume lina mfereji mwilini, jike huingia humo, na wawili hao hukaa hivyo kwa miaka, wakiishi katika mishipa midogo ya damu inayozunguka utumbo. Jike hutaga mayai yapatayo 300 kwa siku. Sehemu yake hupenya ukuta wa utumbo na kutoka na choo. Yaliyobaki husombwa na damu kurudi kwenye ini na kukwama huko. Mwili huyazingira kila moja kwa uvimbe mdogo, uvimbe huacha kovu, na makovu yakishakuwa mengi damu inakosa njia ya kupita ini. Bandama huvimba, tumbo hujaa maji, mishipa ya koo la chakula hutanuka. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuamka siku moja akatapika damu beseni zima bila kuwa amewahi kulalamika zaidi ya kuumwa tumbo na kuhara kwa hapa na pale. Ni ugonjwa wa tumbo ambao hausemi mapema.

Mtu mzima anayesimama katika maji hayo siku sita kwa wiki yuko katika hatari kubwa ya kuambukizwa. Ukimtibu leo, kesho atakuwa majini tena. Madaktari wengi wangeona hapo sababu ya kukata tamaa. Diana Karanja, mtafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pamoja na wenzake akina John Ouma wa Kenya na Daniel Colley na Evan Secor wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, waliona hapo nafasi ambayo haipatikani kwa urahisi kwingineko duniani. Taasisi hizo mbili zilikuwa zimeshirikiana tangu 1979, na kambi yao ya utafiti iko Kisian, mwendo mfupi tu nje ya Kisumu kwa barabara ya Busia.

Tatizo la siku zote la watafiti wa kichocho ni kwamba huwezi kujua mtu amegusa maji kiasi gani. Mtoto anaoga, anachota, anachezea kingoni, mama anafua, nani atamhesabia dakika? Mwosha magari anahesabika. Kila gari aliloosha ni kipimo cha muda aliosimama ziwani. Ukiandika magari aliyoosha tangu alipotibiwa hadi siku mayai yalipoonekana tena katika choo chake, unayo namba ambayo unaweza kuilinganisha na ya mwenzake anayefanya kazi hatua chache kutoka kwake, katika maji yaleyale, chini ya jua lilelile. Mmoja anaambukizwa tena baada ya magari machache. Mwingine anaosha na kuosha, na choo chake kinabaki safi. Kwa nini?

Ili kulijibu swali hilo ilibidi watu waje na choo, tena na tena, kwa miezi na miaka. Hili huandikwa kwa mstari mmoja katika majarida, na nadhani linastahili zaidi. Kipimo kinaitwa Kato-Katz, kwa majina ya Mjapani aliyekibuni na Mbrazili aliyekirekebisha mwaka 1972. Mhudumu wa maabara hukandamiza choo kwenye wavu laini ili nyuzinyuzi zibaki upande mmoja. Kinachopita hukikwangua na kukijaza katika tundu la kibao kidogo cha plastiki. Tundu hilo huchukua miligramu 41.7 za choo. Anainua kibao, kifusi kidogo kinabaki juu ya kioo. Anakifunika kwa kipande cha selofeni kilicholowekwa katika gliserini yenye rangi ya kijani, anageuza kioo na kukibana chini mpaka choo kitandae. Gliserini hukilainisha kikawa cha kupitisha mwanga. Ndipo anaweka jicho kwenye hadubini na kuanza kupita mstari kwa mstari, akihesabu mayai yenye mwiba ubavuni. Idadi anaizidisha mara 24, apate mayai kwa gramu moja. Kisha anachukua kioo kinachofuata. Vioo ni vingi, na harufu haizoeleki upesi kama watu wanavyodai.

Katika damu ya waosha magari hao mlikuwa na kitu kingine. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990, Kisumu ilikuwa imeshikwa na UKIMWI, na dawa za kupunguza makali zilikuwa hazijafika katika hospitali za umma za Kenya. Vijana waliokuwa majini walikuwa wa umri uleule ambao virusi viliuandama. Kwa hiyo bila kupanga dunia iwe hivyo, watafiti walikuwa na wanaume wanaofanya kazi moja, wenye mnyoo mmoja, tofauti yao kubwa ikiwa ni kwamba baadhi walikuwa na VVU na wengine hawakuwa navyo.

Walichokiona mwaka 1997 kinashangaza hadi leo. Waliokuwa na VVU, hasa wale ambao chembe zao za kinga za CD4 zilikuwa zimeporomoka, walitoa mayai machache katika choo kuliko wenzao, ingawa kipimo cha damu kinachoonyesha wingi wa minyoo yenyewe kilisema walikuwa nayo vilevile. Mtu asiyejua angesema virusi vinapunguza kichocho. Kumbe yai haliwezi kujitembeza. Ili litoke kwenye mshipa hadi ndani ya utumbo linategemea ule ule uvimbe ambao kinga ya mwili hulijengea, na uvimbe huo ndio unaolisukuma nje. Mnyoo umejifunza kutumia askari wa mwenye nyumba kufungulia mlango. Askari wakipungua, mayai hukwama ndani. Wanasayansi wa Uingereza walikuwa wameona dalili za jambo hili kwa panya walioondolewa kinga miaka mingi nyuma. Kisumu ndipo lilipoonekana kwa binadamu.

Matokeo yake hospitalini si madogo. Mgonjwa wa VVU mwenye kichocho kikali anaweza kupimwa choo akaambiwa hana kitu. Mwaka uliofuata kundi hilohilo likaonyesha jambo la kutia moyo: dawa ya praziquantel inawaponya wenye VVU sawasawa na wengine. Basi ugumu hauko kwenye tiba, uko kwenye kuugundua ugonjwa.

Kisha mwaka 2002, katika jarida la Lancet, ikaja kazi iliyokuwa imengojewa kuhusu nani anaambukizwa tena. Wanaume 96 walikuwa wamefuatiliwa, wakitibiwa kila mayai yalipoonekana. Baadhi walionekana kuwa na kinga tangu mwanzo. Baadhi waliambukizwa haraka baada ya matibabu ya kwanza, lakini kila walipotibiwa tena walichukua magari mengi zaidi kabla ya kuambukizwa. Na wengine, utibu usitibu, walirudia palepale. Wenye VVU walikuwa wepesi zaidi kuambukizwa upya. Kwa muda mrefu watu walikuwa wamebishana kama watu wazima hawapati sana kichocho kwa sababu wana kinga au kwa sababu hawachezi majini kama watoto. Hapa kulikuwa na watu wazima ambao kazi yao ni kusimama majini, na bado baadhi yao mwili uliwakinga.

Kinga hiyo ilitoka wapi? Pauline Mwinzi na wenzake wa Kisian waliendelea kuichimba, na mwaka 2009 wakaonyesha kwamba kwa waliotibiwa mara nyingi aina fulani ya chembe za damu huongezeka sambamba na uwezo wa kukataa maambukizi. Maelezo yanayokubalika ni haya: mnyoo mzima, hai, hujificha vizuri kwenye damu na mwili hauutambui. Dawa inapouua, unapasuka na kumwaga vitu vilivyokuwa vimefichwa, na mwili hujifunza kutokana na mzoga. Kila tiba ni funzo. Anayetibiwa mara nyingi anapata kwa miaka michache kile ambacho mwanakijiji asiyetibiwa angekipata kwa kungoja minyoo ife kwa uzee, na minyoo hii huishi miaka mingi. Wanaotafuta chanjo ya kichocho hadi leo wanasoma matokeo hayo kwa makini.

Sasa nirudi kwenye sifa. Mwaka 2008 serikali ya Japani ilipotoa kwa mara ya kwanza tuzo ya Hideyo Noguchi kwa ajili ya Afrika, mmoja wa wawili wa kwanza kuipokea, huko Yokohama, alikuwa Profesa Miriam Were, Mkenya wa magharibi, kwa kazi ya miongo mingi ya kufikisha afya kijijini kupitia watu wa kijiji wenyewe: vyoo, maji, chanjo, wahudumu wa afya ya jamii. Niliifurahia tuzo ile kuliko nyingi, kwa sababu ilitambua kwamba kuchimba choo ni udaktari. Kwenye ufuo wa Winam choo ndicho kinachokata mnyororo kati ya mtu na konokono, na fuo nyingi zina mizani ya samaki kabla ya kuwa na choo.

Lakini wanaume 96? Katika desturi za majarida ya sayansi wao hushukuriwa mwishoni kama "washiriki", kwa pamoja, bila majina. Siri ya mgonjwa inataka hivyo na ni haki. Ninachouliza ni kingine. Walipata nini kama wafanyakazi? Mwaka 1700, Bernardino Ramazzini wa Modena aliandika kitabu kuhusu maradhi ya watu wa kazi, akawaambia madaktari waongeze swali moja kwa maswali yao ya kawaida: unafanya kazi gani? Miaka 300 baadaye, Shirika la Kazi Duniani lina orodha rasmi ya maradhi ya kazini, iliyopitiwa mwaka 2010. Chini ya maradhi yanayotokana na viumbe hai, virusi vya homa ya ini vimo, VVU vimo, pepopunda, kifua kikuu, kimeta, homa ya kutupa mimba ya mifugo, vyote kwa majina. Kichocho hakimo kwa jina. Kinaangukia kwenye kile kifungu cha mwisho kinachokusanya yote yaliyosalia, ambako lazima kwanza uhusiano kati ya kazi na ugonjwa uthibitishwe.

Sina ugomvi na hivyo virusi kutajwa. Muuguzi wa Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, akijichoma sindano iliyotoka kwa mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, ini lake mwenyewe limo hatarini, na kama alizaliwa kabla ya Kenya kuiingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto wachanga mwishoni mwa 2001, huenda hana kinga mpaka aitafute ukubwani. Anastahili kulindwa na kulipwa fidia. Ana mwajiri, na sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu fidia ya majeraha kazini iliandikwa kwa watu wenye mwajiri. Mwosha magari amejiajiri. Ziwa halina ofisi ya rasilimali watu.

Na ukishaanza kuuliza swali la Ramazzini kandokando ya ziwa hili, mipaka ya neno kazini inatanuka. Utafiti wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya watu wazima walikuwa wanaishi na VVU. Homa Bay ilikuwa 19.6, Kisumu 17.5, Siaya 15.3: kaunti tatu zinazoshikana mikono kuizunguka ghuba. Wavuvi wakipimwa peke yao huwa juu ya majirani zao. Sehemu ya sababu iko katika biashara yenyewe. Mwenye chombo ndiye mwenye samaki, mama mchuuzi hana uhakika wa kupata mzigo, na palipo na uhaba huingia ule utaratibu wa jaboya, ambapo mama hupata kipaumbele cha samaki kwa kulala na mvuvi. Wahubiri wameukemea kwa miaka mingi. Kina mama wa ufuo wa Nduru walifanya jambo la maana zaidi: wakapata mashua zao wenyewe kwa mradi ulioanza mwaka 2011, wakaajiri wavuvi, samaki wakawa wao. Mafuriko ya ziwa ya 2020 yaliwarudisha nyuma sana. Hata hivyo walikuwa wameonyesha kwamba virusi vile vilipitia kwenye umiliki wa mbao na injini, na mimi sijui jina jingine la kuuita ugonjwa wa namna hiyo ila ugonjwa wa kazi.

Upande wa kichocho, sera ilichukua muda mrefu kuwafikia watu wazima. Mwaka 2001, wakati waosha magari wa Kisumu wakiwa bado wanafuatiliwa, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka shabaha ya kuwapa dawa angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio katika hatari. Shabaha nzuri: mtoto hupata madhara makubwa, na shuleni anapatikana kwa urahisi. Kule Mbita, katika Homa Bay, na katika visiwa vyake, watafiti wa Kisian walikuta mwaka 2012 kwamba watoto sita kati ya kumi walikuwa na mnyoo huu. Lakini mwalimu anayegawa vidonge darasani hamfikii kijana aliyeacha shule akaenda kuosha lori, naye kila siku yuko majini, na kama ufuo hauna choo basi yeye pia ndiye anayemlisha konokono. Ni Februari 2022 tu ambapo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema wazi kwamba penye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, dawa zitolewe kila mwaka kwa kila mtu kuanzia miaka miwili, watu wazima wakiwemo. Takribani miaka 20 baada ya makala ya Lancet.

Upande wa wadogo kabisa habari ni njema zaidi. Vidonge vya praziquantel ni vikubwa na vichungu, na mtoto wa miaka mitatu huvitema. Majaribio ya mwisho ya dawa ya watoto chini ya umri wa shule yalifanyika Côte d'Ivoire na Kenya, upande wa Kenya ukiwa Homa Bay chini ya Maurice Odiere wa KEMRI. Mwishoni mwa 2023 dawa hiyo ilipata kibali cha wataalamu wa Ulaya, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiidhinisha. Kama kuna kamati ya tuzo inayotafuta jina la kuandika kwenye medali, kuna kambi nzima pale Kisian ambayo kwa miaka 30 imekuwa ikihesabu mayai.

Kwa msomaji ambaye mkate wake unatoka majini, awe mwosha magari wa Kisumu, mchimba mchanga wa Homa Bay, mvuvi wa omena au mkulima wa mpunga wa Ahero, nina maneno machache. Ukifika kwa daktari, mwambie kazi unayofanya kabla ya kumwambia kinachokuuma. Choo kikipimwa mara moja na yai lisionekane, usiridhike, hasa kama unaishi na VVU. Omba kipimwe tena siku nyingine, au upimwe mkojo kwa kijiti pale kinapopatikana. Dawa ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wako, nayo huponya mwenye VVU na asiye navyo. Meza ukiwa umekula. Na kama baada ya hapo unarudi majini, basi na hospitali uirudie. Tiba ya kwanza haitoshi, na ya tatu inaweza kuufunza mwili wako.